KUPIMA DAWA: KAZI ISIYOTAKA KUKISIA

Mama aliyempeleka mtoto wake hospitali aghalabu hurudi nyumbani na chupa ndogo ya dawa ya maji, au na vikaratasi kadhaa vilivyokunjwa, ndani yake mna unga mweupe. Juu ya chupa pameandikwa jina la mtoto, kiasi cha kunywa na saa za kunywa. Mama huyo hana njia ya kujua kwa macho kama dawa iliyomo yatosha, au imezidi, au imepungua. Akinunua sukari dukani aweza kusimama mbele ya mizani na kuitazama sindano. Akinunua kitambaa aweza kukipima kwa mkono wake mwenyewe. Lakini dawa huipokea kwa imani tu. Imani hiyo imewekwa juu ya meza moja katika chumba kilicho nyuma ya dirisha la dawa, mahali ambapo mtu fulani amepima kitu kwa mizani na kitu kingine kwa bilauri ya kioo.

Ni kweli kwamba siku hizi dawa nyingi hutoka viwandani zikiwa zimekwisha kupimwa. Hata hivyo kazi ya kuchanganya dawa kwa mkono haijakwisha. Viwanda hutengeneza vidonge kwa kadiri ya watu wazima, kwa kuwa hao ndio wanunuzi walio wengi. Mtoto wa kilo 5 hawezi kupewa kidonge kilichokusudiwa mtu wa kilo 60. Mzee aliyepatwa na kiharusi hawezi kumeza kidonge chochote. Mgonjwa wa ngozi huenda akaandikiwa marhamu ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza kwa nguvu ile. Katika hali kama hizo hapana budi mfamasia, yaani mtaalamu wa kutengeneza na kutoa dawa, aikunje mikono ya koti lake na kuitengeneza dawa ya mgonjwa yule mmoja.

Si dawa zote zenye hatari sawa zikikosewa. Ziko ambazo mwili husamehe zikizidi kidogo. Lakini ziko nyingine ambazo nafasi iliyopo kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru ni nyembamba sana. Mfano mmoja ni digoksini, dawa ya moyo iliyotokana na majani ya mmea. Kidonge chake kilicho cha kawaida kina maikrogramu 250, yaani robo ya miligramu moja. Katika vipimo vya zamani vya Kiingereza kipimo kidogo kabisa cha uzito kiliitwa punje, nacho kilikuwa sawa na miligramu 65 hivi. Punje moja ya digoksini ingetosha kutengenezea vidonge 260. Basi mtu anayepima dawa ya namna hiyo, akikosea kwa kiasi ambacho kikianguka mezani hakionekani, amekosea kwa kiasi cha kumwua mtoto.

WAKIA TATU ZENYE JINA MOJA

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na vipimo vyao vya uzito tangu kale. Mizigo mikubwa ilipimwa kwa frasila, vitu vya kawaida kwa ratli, na vitu vidogo vyenye thamani kwa wakia. Wakia ya pwani ilikuwa sawa na uzito wa reale moja ya fedha, ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, yaani gramu 28 na kidogo. Waingereza walipokuja na mizani zao walileta wakia mbili zaidi. Moja ilikuwa ya madukani, yenye gramu 28.35; ya pili ilikuwa ya watengenezaji dawa, yenye gramu 31.1. Tena ratli ya dukani ilikuwa na wakia 16, hali ratli ya dawa ilikuwa na wakia 12 tu. Kwa hiyo wakia ya dawa ilikuwa nzito kuliko wakia ya sukari, lakini ratli ya dawa ilikuwa nyepesi kuliko ratli ya sukari! Si ajabu kwamba wanafunzi waliojifunza kazi hiyo zamani walitumia siku nyingi kukariri hesabu hizo, na kwamba hata waliokuwa wamezikariri walikosea.

Punje ndiyo peke yake iliyokuwa na uzito ule ule dukani na katika chumba cha dawa, nayo imeacha alama yake mpaka leo. Kidonge cha aspirini cha zamani kilikuwa cha punje 5, yaani miligramu 324. Nchini Marekani aspirini ya kawaida bado ni ya miligramu 325, ijapokuwa wengi wanaoinywa hawajui idadi hiyo yenye mkia ilitoka wapi. Lakini punje iliacha pia mtego. Katika maandishi ya madaktari kwa Kiingereza, gramu hufupishwa kwa herufi g, na punje ilifupishwa kwa herufi gr. Gramu moja ina punje 15 na zaidi. Daktari akiandika nusu punje ya dawa ya kifafa, na msomaji akaona nusu gramu, mgonjwa hupewa dawa mara 15 ya ile aliyoandikiwa, hali kila mmoja wao anaamini kwamba ametimiza kazi yake barabara.

Baada ya uhuru nchi ya Kenya iliviacha vipimo hivyo na kushika gramu na lita. Hesabu zilikuwa rahisi zaidi, kwa maana kila kitu huenda kwa kumi, mia na elfu: gramu moja ina miligramu 1,000, na miligramu moja ina maikrogramu 1,000. Walakini urahisi huo una adhabu yake. Katika hesabu ya wakia na punje, mtu aliyekosea alipata jawabu la ajabu ambalo huenda likamshtua. Katika hesabu ya kumi, kosa ni nukta moja tu iliyosogea, na jawabu lenye kosa hufanana kabisa na jawabu lililo sahihi. Kwa sababu hiyo watengenezaji dawa hufundishwa kuandika 0.5 wala si .5, maana nukta iliyo mwanzoni hufutika kwa urahisi na kuacha 5 tupu. Kadhalika hufundishwa kuandika 5, wala si 5.0, maana asiyeiona nukta atasoma 50. Na neno maikrogramu huandikwa lote bila kufupishwa, kwa kuwa likichukuliwa kuwa miligramu kosa ni la mara 1,000.

Juu ya gramu yenyewe pana jambo la kupendeza. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande kimoja cha madini ya platini na iridi, kilichofungiwa Sèvres karibu na Paris katika nchi ya Ufaransa, na mawe yote ya mizani duniani yalikuwa kama watoto na wajukuu wa kipande hicho. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafu, na kilo sasa hupatikana kwa kanuni za elimu ya fizikia ambazo hazichakai wala haziibiwi. Katika Kenya, Shirika la Viwango lililoanzishwa mwaka 1974 ndilo lenye vipimo vya taifa ambavyo vipimo vingine hulinganishwa navyo.

MIZANI ISIYOHARIBIKA NAYO YAWEZA KUDANGANYA

Mizani ya dawa iliyotumika kwa miaka mingi, na ambayo bado yaonekana katika hospitali na vyuo, ni sanduku la kioo lenye vitanga viwili na sindano katikati. Dawa huwekwa juu ya kitanga kimoja, na mawe madogo ya shaba juu ya kingine. Vitanga vikilingana, sindano husimama katikati. Kazi hiyo huonekana nyepesi, na mtu asiyeijua hudhani kwamba mizani ikiwa nzima na safi, basi husema kweli siku zote.

Sivyo. Kila mizani ina mpaka wake. Chukua mizani ya dawa ya aina inayotakiwa na vitabu vya dawa vya Marekani. Mizani hiyo huhesabiwa kuwa nzuri ikiwa uzito wa miligramu 6 ukiongezwa juu ya kitanga huisogeza sindano kwa alama moja. Maana yake ni kwamba kitu chini ya miligramu 6 chaweza kuwapo au kukosekana na mpimaji asijue. Katika kupima gramu 10 za unga wa marhamu, miligramu 6 si kitu. Lakini mtu akipima miligramu 10 za dawa kali juu ya mizani hiyo, sindano itasimama katikati kama kawaida, hali yaliyomo juu ya kitanga huenda yakawa miligramu 4 au miligramu 16. Mizani haikuharibika, wala mpimaji hakuzembea. Wamefanya tu kazi iliyo chini ya uwezo wa chombo.

Basi wenye elimu hiyo wameweka kanuni. Kosa lisizidi sehemu 5 katika 100. Miligramu 6 ni sehemu 5 katika 100 za miligramu 120. Kwa hiyo miligramu 120 ndicho kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa kupimwa juu ya mizani hiyo. Chini ya hapo hairuhusiwi, hata mpimaji awe na macho ya mwewe.

Je, mgonjwa anayehitaji miligramu 10 afanyiweje? Hapo ndipo ustadi wa kazi hiyo unapoonekana. Mtengenezaji hupima miligramu 120 za dawa, ambazo mizani yaweza kuzipima kwa haki. Kisha hupima miligramu 1,320 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo ni unga usiodhuru. Huvichanganya vyote viwili mpaka viwe kitu kimoja chenye miligramu 1,440. Sasa hupima miligramu 120 za mchanganyiko huo. Kwa kuwa mchanganyiko umegawanyika sehemu 12 zilizo sawa, katika sehemu hiyo moja mna miligramu 10 za dawa, wala mizani haikuombwa kupima chochote kilicho chini ya mpaka wake.

Lakini hesabu hiyo ni kweli ikiwa mchanganyiko umechanganyika kweli. Mtu akiumwaga unga wote wa laktosi juu ya dawa kwa mara moja na kuukoroga kidogo, dawa hubaki kama mafungu mafungu, nao mgonjwa wa kwanza atapata nyingi na wa mwisho hatapata kitu. Njia iliyo sawa ni kuanza na dawa ndani ya kinu kidogo cha kaure, kutia laktosi iliyo sawa nayo kwa wingi, na kusaga kwa mchi mpaka vilingane. Kisha hutiwa laktosi iliyo sawa na mchanganyiko wote uliopo, ikasagwa tena. Na hivyo kila mara kikilingana na kilichomo, mpaka laktosi iishe. Kazi hii huchosha mkono, na hakuna njia ya mkato. Mpishi anayeukanda unga wa maandazi ataielewa mara moja, maana naye hatii maji yote pamoja.

Liko kosa jingine linalowapata hata wenye bidii. Kidonge chenye miligramu 25 za dawa hakina uzito wa miligramu 25. Ndani yake mna wanga na vitu vingine vya kukishikamanisha. Tuseme vidonge 10 vimewekwa juu ya mizani na uzito wake ni gramu 1.2. Dawa iliyo ndani ya vyote 10 ni miligramu 250. Mtu akitaka miligramu 100 za dawa, hapimi miligramu 100 za unga wa vidonge vilivyosagwa, bali miligramu 480. Asiyefanya hesabu hiyo humpa mtoto karibu sehemu moja katika tano ya dawa anayohitaji, na daktari atashangaa kwa nini ugonjwa haupungui.

Siku hizi mahali pengi mizani ya vitanga imetoa nafasi kwa mizani ya umeme, ambayo huandika uzito kwa tarakimu. Ni chombo kizuri na chepesi kutumia, na pengine ndiyo sababu huaminiwa kupita kiasi. Tarakimu zilizo wazi si ushahidi wa uzito ulio sawa. Mizani hiyo yataka kuwashwa mapema ipate joto lake. Yataka kukaa juu ya meza isiyotikisika, na kile kipovu cha pimamaji kilicho upande wake kiwe katikati. Upepo wa pangaboi juu yake huzifanya tarakimu zicheze. Chupa iliyotoka kwenye jokofu, au mkono wenye joto, huleta kosa pia. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina majimaji, baadhi ya unga huanza kunywa maji ya hewani mara kopo lifunguliwapo, na uzito wake hupanda huku mpimaji anatazama.

Jambo moja zaidi huwashangaza watu. Mizani ya vitanga hulinganisha kitu na jiwe, na vyote viwili huvutwa na ardhi kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo haibadiliki ikichukuliwa popote. Mizani ya umeme yenyewe hupima nguvu ya mvuto wa ardhi. Mvuto huo katika Nairobi, mji ulio karibu na ikweta na juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, ni mdogo kidogo kuliko mvuto wa London. Mizani iliyorekebishwa London na kutumiwa Nairobi bila kurekebishwa tena itaandika gramu 99.6 hivi mahali penye gramu 100. Ndiyo maana mizani hizo huja na jiwe lake la kurekebishia, na ndiyo maana jiwe hilo hushikwa kwa koleo wala si kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi nayo yana uzito.

BILAURI NA JICHO

Dawa za maji hupimwa kwa vyombo vya kioo vyenye mistari. Maji yakiwa ndani ya kioo hayasimami sawasawa. Hupanda kidogo ukingoni na kubonyea katikati. Mahali pa kusoma ni chini ya mbonyeo huo, na jicho liwe sawa na mstari. Anayesoma akiwa amesimama juu huona maji yamefika kabla hayajafika. Anayesoma kutoka chini huona kinyume. Chombo nacho kiwe kidogo kinachotosha. Kupima mililita 3 katika bilauri ya mililita 100 ni sawa na kupima pete ya bibi harusi kwa mizani ya magunia.

Tena mizani na bilauri hazisemi lugha moja. Mililita 100 za maji zina uzito wa gramu 100 hivi, lakini mililita 100 za sharubati nzito ya sukari zina gramu 130 na zaidi. Mtu akiambiwa gramu akapima mililita, amekosea tangu mwanzo. Na ikiandikwa kwamba dawa ifanywe «mpaka mililita 10», maana yake ni kwamba dawa na maji pamoja vifike mstari wa 10. Si kwamba mililita 10 za maji zimwagwe juu ya dawa.

Matone nayo hayalingani. Kidondoshi kilichotengenezwa kwa kipimo hutoa matone 20 ya maji kwa mililita moja. Kioevu chenye spiriti hutoa matone madogo zaidi na mengi zaidi kwa chombo kile kile. Anayechukua kidondoshi cha dawa hii kwenda kupimia dawa nyingine amebadilisha kipimo pasipo kujua.

KIPIMO SAWA, CHUPA SIYO

Mwaka 1998, katika mji wa Runcorn, Uingereza, mtoto wa siku chache alikuwa na msokoto wa tumbo, akaandikiwa maji ya peremende, dawa ya zamani isiyoogopwa na mtu. Ilitengenezwa dukani kwa mkono. Kanuni yake ilitaka maji ya klorofomu yenye nguvu maradufu, ambayo ndani ya kila sehemu 1,000 yana sehemu 5 za klorofomu. Lakini kilichotiwa kilikuwa maji ya klorofomu mazito, ambayo huwekwa dukani yakingoja kuzimuliwa, nayo yana sehemu 100 katika kila 1,000. Majina yalikaribiana. Kilichotiwa kilikuwa na nguvu mara 20 ya kile kilichotakiwa. Mtoto alikufa. Shauri lilikwisha mwaka 2000, na mfamasia pamoja na mwanafunzi aliyekuwa chini yake wakatozwa faini kwa kutoa dawa isiyokuwa kama ilivyotakiwa.

Mwaka 2006, katika mji wa Cleveland, Marekani, jambo kama hilo lilimpata mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekuwa akitibiwa saratani. Dawa yake ilitakiwa kutiwa katika maji ya chumvi isiyofika sehemu 1 katika 100. Ilitiwa katika maji ya chumvi yenye sehemu zaidi ya 23. Maji hayo yote mawili ni meupe, hayana harufu, wala jicho haliwezi kuyatenga.

Yafaa kuangalia vizuri mambo hayo mawili, kwa sababu hayakuwa makosa ya mkono kutetemeka. Kosa lilikuwa katika kile kilichopimwa, na bilauri iliyo safi kabisa isingeweza kuliona. Kwa ajili ya hayo kuna desturi ambazo mgonjwa anayengoja dirishani huziona kama uchelewaji tu. Jina lililo juu ya chupa husomwa mara tatu: chupa ikitolewa rafuni, dawa ikipimwa, na chupa ikirudishwa. Hesabu hufanywa na mtu mmoja, kisha mtu wa pili huifanya upya pasipo kuonyeshwa jawabu la mwenzake. Uzito wa kila kitu, na namba ya chupa iliyotoka, huandikwa katika kitabu na kutiwa sahihi. Mtu wa pili akisoma jawabu la kwanza kisha akasema «sawa», hakukagua kitu, amekubali tu. Katika vyumba vyenye mtengenezaji mmoja na foleni ya wagonjwa mia, desturi hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, na hapo ndipo pahali pa kuogopa.

KIPIMO CHA MWISHO HUFANYWA NYUMBANI

Baada ya kazi yote hiyo, dawa hufika nyumbani, na mtu wa mwisho kuipima ni mama mwenyewe, mara nyingi usiku, kwa mwanga mdogo, na mtoto analia. Juu ya chupa pameandikwa kijiko kimoja. Kijiko gani? Kijiko cha dawa ni mililita 5. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walitoa habari za vijiko vya chai walivyovikusanya katika nyumba 25. Kidogo kabisa kilichukua mililita 2.5, na kikubwa kabisa mililita 7.3. Basi mtoto wa nyumba moja angepata nusu ya dawa yake, na wa nyumba ya jirani angepata karibu mara moja na nusu, kwa maagizo yale yale. Afadhali mama aombe kijiko cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, na amwombe anayempa dawa aweke alama ya wino mahali pa kujaza.

Pakiti ya chumvi na sukari ya kutibu kuharisha ni kipimo kingine kinachokamilishwa jikoni. Pakiti nyingine zimefanywa kwa lita moja ya maji, na nyingine kwa nusu lita; imeandikwa juu yake. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika chupa moja ya soda ya nusu lita hufanya maji yenye chumvi maradufu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto ambaye mwili wake umekwisha kukauka. Chupa hiyo ijazwe maji safi mara mbili na kumiminwa katika chombo kimoja, ndipo pakiti nzima itiwe na kukorogwa. Nusu ya pakiti isiwekwe akiba, maana hakuna jikoni mizani ya kuigawa.

Na ikiwa dawa ni ile ambayo unga wake hautoweki ndani ya maji, bali huelea kama chokaa, unga huo hushuka chini chupa ikikaa. Mtoto atakayepewa bila kutikiswa chupa atakunywa maji matupu siku za kwanza, na siku za mwisho atakunywa dawa yote iliyojikusanya chini. Chupa hiyo hutikiswa kila mara kabla ya kumimina, hata kama ilitikiswa saa chache zilizopita. Na mama akiona kwamba unga umeganda chini wala hauinuki tena kwa kutikiswa, asiendelee kuitumia, bali airudishe kwenye dirisha lile lile ilikotoka.